Saa ya DS3231 inaonekana kwenye waya, lakini kerneli haiitambui

Fundi_Masasi:
Wakuu, habari za jioni. Nafunga kifaa cha kurekodi joto na unyevu kwenye ghala la korosho huku Masasi, natumia Raspberry Pi 4. Ghalani hakuna intaneti na umeme unakatika, kwa hiyo nimeweka saa ya DS3231 yenye betri yake. Rekodi ya unyevu isiyo na tarehe sahihi haimsaidii mtu siku ya mnada. Nikiendesha i2cdetect, programu ya kuorodhesha vifaa vilivyo kwenye waya za I2C, naiona kwenye anwani 68 (0x68), lakini /dev/rtc0 haipo, yaani kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) haijaitambua saa. Nimepakia kwa mkono dereva ya rtc-ds1307, ambayo huhudumia pia DS3231, kimya. Flashi ya USB nikichomeka inatambulika papo hapo. Mbona saa hii inagoma?

Shangani_MTW:
Mkuu, waya zako ziko sawa, usizifumue. Flashi ya USB inajitambulisha: ikiulizwa inataja namba ya mtengenezaji na ya bidhaa. Kadi za PCI, zile za ndani ya kompyuta, nazo hivyo hivyo. I2C haina utaratibu huo. Kinachoitika pale 0x68 kinaweza kuwa saa yako, au MPU-6050 ya kupima mwendo, maana nayo hukaa anwani hiyohiyo. Kerneli ikibahatisha itaandika saa kwenye chipu isiyo saa. Ndiyo maana inasubiri kuambiwa.

Na inaambiwa mapema mno. Programu inayoiwasha huweka kwenye RAM faili la mti wa vifaa (device tree), yaani orodha ya vifaa vilivyomo kwenye bodi, kisha huikabidhi kerneli anwani ya faili hilo kupitia rejista x0 ya prosesa ya ARM (kwenye ARM ya biti 32 ni r2). Kerneli inahakiki namba ya mwanzo, 0xd00dfeed, ndipo inasoma RAM iko wapi na inaishia wapi. Hebu fikirini: inaamka haijui hata kumbukumbu yake ina ukubwa gani! Kompyuta za mezani hupata habari hizi kutoka kwa programu yao ya kuwashia, kwa taratibu za UEFI na ACPI, hivyo wengi hawakutani na jambo hili kabisa.

Saa yako kwenye mti ni nodi (tawi) ndogo tu chini ya i2c1, waya ulikoifunga:

rtc@68 {
  compatible = "maxim,ds3231";
  reg = <0x68>;
};

Hiyo compatible ndiyo inayooanishwa na dereva. Dereva umepakia, nodi haipo, basi haina cha kushika. Huna haja ya kuiandika mwenyewe: weka mstari huu kwenye config.txt, faili la mipangilio ya kuwasha Pi, nao utaiongeza nodi hiyo kwenye mti, kisha uwashe upya:

dtoverlay=i2c-rtc,ds3231

Nachingwea_Linux:
Nakazia hapo. Zamani bodi za ARM zilielezwa kwa mafaili ya C ndani ya kerneli yenyewe, yakajaa hadi Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akalalamika hadharani mwaka 2011. Mti ulikuwepo tayari kwenye Open Firmware, kiwango cha programu za kuwashia kompyuta, IEEE 1275 ya 1994. Leo unaongeza saa bila kukompaili kerneli. Kwa sisi wa bando za kuhesabu, hilo si dogo.

Fundi_Masasi:
Imekubali! Pale 68 sasa pameandikwa UU, na /dev/rtc0 ipo. Asanteni sana. Kihisi cha unyevu SHT31 kipo 0x44, waya zilezile. Nacho kinataka nodi?

Shangani_MTW:
UU maana yake dereva imeishika. Kihisi ukikisoma kwa Python kupitia /dev/i2c-1, nodi si lazima. Ukitaka kerneli ikisimamie, lazima. Mimi ningekiweka kwenye mti, ili fundi atakayekuja baada yako akifungua config.txt aone kila kilichofungwa ghalani.