Simu za mezani za ofisi kupitia intaneti: Cisco za mtumba, Grandstream au Yealink?

SowetoStationari: Wakuu habari za jioni. Ofisi yetu iko Mbeya mjini, meza kama kumi na tano hivi, bosi anataka kila meza iwe na simu ya kupiga kwa intaneti. Seva ipo, tumeweka FreePBX (programu ya kuendesha simu za ofisi) kwenye kompyuta ya zamani na kwa programu ya simujanja inaita poa kabisa. Kwenye simu zenyewe ndo tumekwama. Kuna jamaa ana Cisco 7940 za mtumba bei ya kutupa, halafu dukani kuna Grandstream GXP1625 na Yealink T31P. Mnashauri ipi?

Kihesa_net: Kamwene mkuu. Hizo Cisco mwachie mwenyewe. 7940 kiasili inaongea SCCP, lugha ya mtambo wa Cisco wenyewe, FreePBX inataka SIP, lugha ya kawaida ya simu za intaneti, kwa hiyo utatafuta femwea (programu ya ndani ya simu) ya SIP, uwashe TFTP ya kuzipa simu mafaili, uweke option 150 ya kuzionyesha TFTP iko wapi kwenye DHCP (inayogawa IP), uandikie kila simu faili lake kwa MAC yake, yaani namba ya kifaa, na ukimaliza yote hayo swichi ya PoE (inayopitisha umeme kwenye waya wa mtandao) ya kawaida ya standadi ya 802.3af haiiwashi maana ilitoka na umeme wa Cisco wa kabla ya hiyo standadi. Kila meza itataka adapta yake. Bei ya kutupa ina sababu yake.

FundiUyole: Hapo umemaliza. Mimi kura yangu Grandstream, bei inavumilika na paneli yake hata mgeni anaielewa. Unaingia kwa IP ya simu kwenye brauza, unaweka anwani ya seva, namba ya ekstensheni (namba ya ndani ya meza) na paswedi, basi. Waambie watu wakimaliza kubonyeza namba wabonyeze na #, la sivyo simu inakaa sekunde 4 ndo inapiga na utaletewa malalamiko eti mfumo mzito.

Kihesa_net: @FundiUyole meza kumi na tano uingie moja moja? Weka option 66 kwenye DHCP ielekee kwenye seva, simu ikiwaka inavuta setingi zake yenyewe, Yealink na Grandstream zote zinakubali. Ile Endpoint Manager ya FreePBX, ya kuandaa setingi za simu, ni ya kulipia lakini mafaili unaweza kuyaandika kwa mkono. Na jamani badilisheni paswedi ya admin.

dada_wa_mitandao: Swali ambalo hamjamuuliza, mna tawi? Kama lipo hapo ndo Yealink inanivuta, T31P ina OpenVPN (njia ya siri ya kuunganisha mitandao kupitia intaneti) ndani kwa ndani, simu ya tawini inajiunga kama iko chumba cha pili. Usije ukafungua poti 5060, mlango wa SIP, kwa dunia nzima, kuna roboti zinazunguka usiku kucha zinabahatisha paswedi na zikipata zinapiga nje ya nchi kwa salio lenu.

SowetoStationari: Tawi lipo dada, Makambako. Tulijaribu huko, simu inaita, sisi tunawasikia ila wao hawatusikii!!

dada_wa_mitandao: Sauti ya upande mmoja hiyo, anza na SIP ALG (kipengele cha rauta kinachochezea ujumbe wa SIP) kwenye rauta ya tawi, izime. Ikigoma angalia setingi za NAT (kubadilisha IP za ndani kuwa ya nje) za FreePBX, IP ya nje na mtandao wa ndani vimeandikwa sawa? RTP, yaani sauti yenyewe, inapita poti za UDP 10000 hadi 20000. Ukishaweka VPN karibu yote haya yanaisha. Intaneti isikutishe, simu moja kwa G.711 (namna ya kufungasha sauti) inakula kama kbps 87 kila upande, G.729 inayobana zaidi kama 31.

Tukuyu_mvua: Mmesahau umeme aisee. Swichi ya PoE moja, UPS moja kubwa, umeme ukikatika simu zote zinaendelea, ila seva na rauta navyo viwe kwenye UPS hiyohiyo. Na kama kuna waya unatoka jengo moja kwenda jingine weka faiba, kwa radi za huku ukivuta shaba utanunua swichi kila masika.

SowetoStationari: Nimeelewa, Yealink basi. Je ile simu ya kawaida ya mlinzi getini itupwe?

FundiUyole: Usitupe. Chukua Grandstream HT801, adapta ya simu za kawaida, simu ya mlinzi unaichomeka humo, mfumo unaiona kama ekstensheni nyingine. Kama reception nao wana ya zamani na waya unafika, chukua HT802, ina poti mbili.