Kundi liliondokewa na wapiga vinanda wake, kisha likafanikiwa zaidi: Kisa cha The Human League

Kinanda_Malindi aliuliza:

Asalaam aleikum, wanajukwaa. Mimi hupiga kinanda katika harusi hapa Malindi na vitongoji vyake, na kwa sababu ya chombo hicho nimekuwa nikifuatilia makundi ya Uingereza yaliyotegemea vinanda vya umeme mwishoni mwa miaka ya 1970, katika ule mtindo ulioitwa wimbi jipya. Kundi linalonishughulisha zaidi ni The Human League la mji wa Sheffield. Mwaka 1980 lilivunjika, na walioondoka, Martyn Ware na Ian Craig Marsh, ndio waliokuwa mafundi wa vyombo. Waliobaki na jina ni mwimbaji Philip Oakey na Adrian Wright, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha picha za slaidi jukwaani. Mwaka uliofuata hao waliobaki wakatoa albamu iliyoshika nafasi ya kwanza Uingereza. Huku kwetu, kundi la harusi likiondokewa na mpiga kinanda, mialiko nayo hukatika. Wenzangu, jambo hili liliwezekanaje?

Santuri_za_Lamu alijibu:

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Ili kulielewa jambo hili, inafaa kwanza kutazama hali ya kundi kabla ya kuvunjika. Ware na Marsh walikuwa waendeshaji wa kompyuta, na Oakey alikuwa mhudumu wa kusukuma wagonjwa hospitalini, aliyeitwa kuimba zaidi kwa ajili ya haiba na mtindo wake wa nywele kuliko kwa sauti. Albamu zao mbili za mwanzo, ya 1979 na ya 1980, ziliheshimiwa na wajuzi lakini hazikuuzwa sana, na kutofautiana kuhusu njia ya kufuata ndiko kulikowatenganisha. Waliotoka wakaunda Heaven 17, kundi ambalo nalo lilipata jina si haba. Oakey akabaki na jina la zamani pamoja na madeni yake, na akakubali kuwalipa wenzake asilimia 1 ya mapato ya albamu itakayofuata.

Lililombana zaidi ni ziara ya Ulaya iliyokuwa imekwisha kutangazwa. Zikiwa zimebaki siku chache tu, aliingia katika klabu moja ya Sheffield iitwayo Crazy Daisy, akawaona wasichana wawili wakicheza, Susan Ann Sulley na Joanne Catherall, ambao walikuwa bado wanafunzi na hawajawahi kuimba kwa malipo, akawaomba waende naye. Wazazi wao walikubali baada ya kuelezwa. Mpiga kinanda, Ian Burden, alikodiwa kwa ajili ya ziara hiyo, kisha akawa mwenzao. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi uliolifanya kundi lipendwe, kwa kuwa wasikilizaji waliwaona wasichana wa kawaida wa mtaani, wasiojifanya mabingwa, wakiimba kwa sauti zao wenyewe.

Binti_Shela alijibu:

Ninakubaliana na kaka kuhusu wasichana, lakini swali lilihusu vyombo, na hapo lazima tumtaje Martin Rushent. Huyu ndiye mtayarishaji ambaye kampuni ya Virgin iliwapeleka kwake mwaka 1981. Katika studio yake alikuwa na Linn LM-1, mashine ya ngoma iliyotumia sauti zilizorekodiwa kutoka ngoma halisi, na Roland MC-8, ambayo haikupigwa kwa vidole: kila noti, urefu wake na mkato wake, viliingizwa kwa kubonyeza tarakimu, moja baada ya nyingine. Kwa chombo cha namna hiyo, wepesi wa vidole haukuwa na uzito mkubwa. Kilichohitajika ni sikio, subira na wimbo mzuri. Nyimbo nazo zilipata nguvu mpya kwa kuja kwa Jo Callis, mpiga gitaa wa zamani wa The Rezillos, ambaye alianza kujifunza kinanda baada ya kujiunga nao.

Albamu hiyo, *Dare*, ilitoka Oktoba 1981. Kibao chake mashuhuri, *Don't You Want Me*, ni majibizano ya mwanamume na mwanamke: mwanamume anajigamba kwamba ndiye aliyemtoa mwanamke katika kazi ya kuhudumia wateja wa baa, naye mwanamke anamjibu kwamba angefika alipofika hata bila yeye. Sisi tuliolelewa na taarabu twaujua utamu wa jibu linalotolewa kwa upole na bado likauma. Oakey hakuupenda wimbo huo ulivyomalizwa, ukawekwa mwisho wa albamu, na Virgin ndiyo iliyoshikilia utolewe peke yake. Ulikaa nafasi ya kwanza Uingereza kwa wiki 5, Krismasi ikiwamo, na mwaka 1982 ukashika nafasi hiyo Marekani kwa wiki 3.

Kinanda_Malindi aliuliza tena:

Ahsanteni sana, dada na kaka. Basi kwa nini mafanikio hayo hayakuendelea kwa kasi ileile?

Santuri_za_Lamu alijibu:

Kwa sababu yule aliyewashika mkono hawakukaa naye. Rushent aliondoka kwa mafarakano wakati wa kutayarisha *Hysteria*, na albamu hiyo haikutoka hadi 1984, baada ya miezi mingi ya kurekodi na kurekodi upya, hali ya kuwa wakati huo ladha ya wasikilizaji ilikuwa inabadilika upesi. Kisha walipelekwa Minneapolis kwa Jimmy Jam na Terry Lewis, watayarishaji waliokuwa na nyimbo zao na wapigaji wao. Humo ulipatikana *Human*, ulioshika nafasi ya kwanza Marekani mwaka 1986, lakini gharama yake ilikuwa kwamba wanakundi wenyewe hawakuwa na kazi kubwa ya kufanya studioni, na mimi naiona albamu yenyewe, *Crash*, kuwa ya Jam na Lewis zaidi kuliko yao. Wanaume wengine waliondoka mmoja mmoja. Walipata nafasi nzuri tena mwaka 1995 kwa wimbo *Tell Me When*, na mwaka 2011 wakatoa albamu *Credo*. Oakey, Sulley na Catherall ndio waliobaki na jina, na wameendelea kupanda jukwaani pamoja.