Kipimo cha mimba ni chanya lakini ekografi haioni kitu: hizi saa 48 tuzipitishe namna gani?

Binti_Kadutu
Jamboni wote. Naomba ushauri kwa ajili ya mdogo wangu. Tuko Bukavu, Kadutu ya juu, mahali gari haifiki. Tangu hedhi yake ya mwisho ni wiki sita na siku mbili. Kipimo cha mkojo ni chanya. Anatoka damu kidogo, nyeusi kama kahawa, na ana maumivu chini ya tumbo upande wa kuume, yanakuja na kupoa. Ekografi (ultrasound) ya juu ya tumbo haikuonyesha kitu, si ndani ya kizazi, si pembeni. Labo imeandika beta hCG, ile homoni ya mimba katika damu, 1180. Ameambiwa huenda mimba iko nje ya kizazi, huenda siyo, arudi kupimwa baada ya saa 48. Presha ni nzuri, anatembea, anakula, ila usingizi hana. Kila mara anauliza kama mimba ipo salama au hapana, nasi hatuna la kumjibu. Je, tutafute daktari mwingine? Na tufanye nini mpaka siku hiyo?

Mkunga_Bagira
Poleni sana, dada. Jibu la kweli kwa leo ni kwamba haijajulikana, na daktari aliyewaambia hivyo amewaambia sawa. Kipimo chanya na kizazi kitupu vinaweza kuwa mambo matatu: mimba changa iliyo mahali pake lakini bado ndogo mno kuonekana, mimba inayoharibika yenyewe, au mimba iliyokaa nje, karibu zote katika mrija unaopitisha yai kwenda kizazi. Wengi huishia kwenye yale mawili ya kwanza. Ila la tatu linaua, ndiyo maana kila mwanamke wa namna hii anafuatiliwa kama vile ndilo alilonalo, mpaka ithibitike sivyo.

Mrija ni mwembamba, haukuumbwa kutanuka. Mimba ikikua humo, ukuta unapasuka au damu inavuja polepole na kumwagika tumboni. Sasa shikeni hili: damu inayoonekana chini inaweza kuwa matone tu wakati tumboni imejaa. Msiipime hatari kwa pedi.

Mnaondoka nyumbani bila kungoja saa 48, hata ikiwa saa nane ya usiku, kama maumivu yanakuwa makali ghafla. Kama ncha ya bega inauma, hasa akilala chali, kwa sababu damu iliyopanda inachokoza kiwambo kilicho juu ya tumbo na maumivu yanasikika begani. Kama anaona giza akisimama au anazimia. Kama jasho la baridi linamtoka na midomo na viganja vimepauka. Na kuna dalili ambayo watu huidharau: kubanwa haja kubwa, akienda hakuna kitu. Damu ikikusanyika nyuma ya kizazi inasukuma utumbo wa mwisho. Hapo asile wala asinywe chochote tena, maana huenda atapasuliwa usiku huohuo.

Fundi_Labo
Naongeza kuhusu namba. Kipimo cha pili kifanyike labo ileile. Mashine mbili tofauti zinaweza kutoa namba tofauti kwa damu moja, nanyi mtadhani imepanda au imeshuka kumbe ni mashine. Ombeni kile kinachotoa kiasi. Kile kinachosema tu "chanya" au "hasi" hakina faida tena kwake. Saa ya kutoa damu ya kwanza iandikwe, ya pili iwe karibu na saa 48 kamili. Mkienda mapema, ongezeko litaonekana dogo bure.

Kwa anayeanza chini ya 1500, mimba hai iliyo ndani hupanda angalau asilimia 49 kwa saa 48. Kwa 1180 maana yake ifike kama 1760 au zaidi. Ikishuka kwa zaidi ya nusu, yaelekea mimba inaisha yenyewe, ila lazima ifuatwe mpaka namba iishe kabisa. Ikiwa katikati, inapanda kwa kusuasua au inashuka kidogo tu, hapo shaka ya mimba ya nje inakua. Na namba iliyopanda vizuri peke yake haitoshi kuwapa amani: ziko mimba za nje zinazopanda vizuri mwanzoni.

Mwanamke_wa_Imani
Mama mmoja jirani anajua kukanda tumbo na kuliweka sawa, na ana mizizi ya kunywa. Mjaribu wakati mnangoja?

Mkunga_Bagira
Hapana, mama, tafadhali. Kukanda kunaweza kupasua mrija ambao ungeweza kuwahiwa. Mizizi nayo, ile ya kukaza kizazi au kuharisha, inaleta maumivu, na hatutajua tena maumivu yapi ni ya dawa na yapi ni ya mimba. Kwa maumivu madogo anywe parasetamoli, gramu moja, asipite mara nne kwa siku. Aache ibuprofeni na aspirini. Na katika maombi asifunge kula wala asikeshe: aliyefunga anapata kizunguzungu, na kizunguzungu ni dalili tunayoilinda.

Mpiga_Ekografi
Umeuliza kama mtafute daktari mwingine. Mimi ningeuliza kwanza ekografi ilifanywa namna gani. Ile ya juu ya tumbo inachelewa kama wiki moja kuliko ile ya ndani, inayopita ukeni kwa kipimo chembamba kilichovikwa kondomu. Ya ndani huona kifuko cha mimba kuanzia kama wiki tano, na haiharibu mimba, mwambieni asiogope. Aende kibofu kikiwa kitupu. Kwa ya juu ndiyo kibofu kijae.

Kuona kiduara chenye maji ndani ya kizazi hakutoshi. Mimba ya nje inaweza kufanya kizazi kikusanye maji yanayofanana na kifuko. Uhakika unakuja tukiona ndani yake kile kifuko kidogo cha kiini, au mtoto mwenyewe. Kila mara muulize pia: kuna maji au damu nyuma ya kizazi? Jibu liandikwe kwenye karatasi.

Kaka_wa_Ibanda
Upande wa maandalizi, jambo linaloua watu wa milimani kwetu ni safari. Kama nyumba iko juu na kuna ndugu anayekaa chini karibu na hospitali yenye chumba cha upasuaji, alale huko siku hizi mbili. Kama haiwezekani, patana leo na mwenye pikipiki au gari wa mtaani, ushike namba yake na ya mwenzake, na vijana wawili wa kumbeba hadi barabarani. Aliyezimia hapandi pikipiki akikaa peke yake, lazima awepo mtu nyuma wa kumshika.

Mpime kundi la damu kesho. Watafuteni ndugu wawili au watatu wa kutoa damu, wajue kwamba wanaweza kuitwa. Kama rezusi yake, ile alama ya + au - ya kundi la damu, ni hasi, mwambieni daktari: kuna sindano ya anti-D ya kulinda mimba zijazo, nayo inachomwa ndani ya saa 72. Pesa ya kuanzia hospitali na karatasi ya mutuelle (bima ya afya ya jamii) viwe kwenye mfuko mmoja pamoja na karatasi za labo.

Mama_Nyawera
Na yeye mwenyewe? Asiachwe peke yake, hata chooni mtu awe karibu. Akiuliza "mimba iko salama?", msimwambie "itakuwa sawa" wala msimwambie "imeshaharibika". Mwambieni: "Hatujui leo, tutapimwa siku fulani saa fulani, na mpaka hapo tuko nawe." Mtu akijua saa ya kwenda kupimwa, anapata mahali pa kushikilia. Chagueni mmoja wa kujibu simu za familia ili asirudie habari hiyo mara ishirini. Shangazi wanaoanza kuuliza alifanya nini hata ikawa hivi, wazuieni mlangoni. Maambukizi ya zamani au upasuaji wa mirija huongeza hatari, lakini wanawake wengi wanaopata mimba ya nje hawana sababu yoyote inayojulikana.

Binti_Kadutu
Aksanti sana. Tumerudi labo, labo ileile. Ni 1560. Maumivu ni yaleyale, hajazimia.

Mkunga_Bagira
Hiyo ni kama asilimia 32, chini ya inavyotakiwa. Msirudi Kadutu. Nendeni sasa hospitali yenye upasuaji na ekografi ya ndani, na karatasi zote.

Wakithibitisha iko nje na hali yake ni tulivu, kuna njia ya sindano ya methotreksati, dawa inayozuia mimba isikue, miligramu 50 kwa kila mita mraba ya mwili. Wanaiwazia kama uvimbe hauzidi sentimita 3.5, moyo wa mtoto haupigi, hCG iko chini ya 5000, na figo, ini na damu ni nzima. Kisha namba inapimwa siku ya nne na ya saba. Siku ya nne inaweza kupanda, msishtuke. Kati ya hizo mbili inatakiwa ishuke angalau asilimia 15. Mrija unaweza kupasuka hata baada ya sindano, kwa hiyo ulinzi wa dalili unaendelea. Aache vidonge vya asidi foliki, na asibebe mimba kwa miezi mitatu. Kama hawana hakika, wasichome kwanza: dawa hiyo inaharibu mimba iliyo ndani ya kizazi. Na kama ukaaji wenu au pesa haviruhusu kurudi kila wiki kupima, wambieni waziwazi, maana upasuaji unaweza kuwa salama zaidi kwake.

Akipasuliwa, waombeni kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji waangalie mrija wa pili ukoje, waandike. Ukiwa mzima anaweza kubeba mimba tena, na hiyo ijayo apimwe ekografi mapema, wiki ya sita au ya saba, kwa sababu karibu mmoja kati ya kumi hurudiwa.