Mnara wa Hector Macdonald pale Dingwall: walimjengea kwa lipi?

Msafiri_Kaskazini: Wakuu, nipo Dingwall, Scotland, kikazi. Kwenye makaburi ya kilima cha Mitchell kuna mnara wa mawe wa mita kama 30, wa mraba, juu una meno kama ngome. Ni wa Meja Jenerali Hector Macdonald, mzaliwa wa jirani hapa, aliyejipiga risasi hotelini Paris mwaka 1903 huku mahakama ya kijeshi ikimsubiri. Kaburi lenyewe liko Edinburgh. Sasa 1907 watu wa kwao wanamsimamishia mnara, kwa lipi?

Mwalimu_Mstaafu: Kijana, angalia alikotoka. Mtoto wa mwashi mwenye kishamba, akawa mwanagenzi wa duka la vitambaa hapohapo Dingwall. Mwaka 1870 akaingia Gordon Highlanders, kikosi cha Waskochi katika jeshi la Uingereza, askari wa kawaida kabisa, akapanda hadi ujenerali. Jeshi lile maofisa walikuwa watoto wa mabwana! Zile tuhuma za Ceylon (Sri Lanka ya leo), za kujihusisha na wavulana, ndizo za ile mahakama ya kijeshi; hazikuwahi kusikilizwa mahakamani, na wengi wa kwao waliamini wakubwa wamemtosa. Mimi mnara ule nausoma kama jibu kwa London.

Binti_Nile: Shikamoo Mwalimu. Na vita vya Omdurman kule Sudan, Waingereza na Wamisri dhidi ya wafuasi wa Mahdi, je? Sifa zake kubwa ni za pale, 2 Septemba 1898, alipoigeuza brigedi yake chini ya moto kukabili shambulio la pili. Waliogeuka ni akina nani? Batalioni tatu za Wasudani na moja ya Wamisri. Na Wasudani waliouawa upande wa pili ni maelfu kwa maelfu.

Dogo_Reli: Si ndiye aliyepigana na askari wa Kisudani walioasi Uganda 1897?

Mwalimu_Mstaafu: Marahaba binti. Dogo, yule ni James Macdonald, wa upimaji wa reli ya Uganda. Usiwachanganye.

Binti, hapo umenibana, na nakubali. Mnaijua kahawa ya chupa ya Camp? Mskochi wa kwenye lebo inasemekana ndiye huyu Hector. Zamani Kalasinga alisimama pembeni na sinia, anamhudumia. Siku hizi wameketi wote wawili, kila mtu na kikombe chake, na Mskochi hakufutwa. Basi mnara ubaki, ila ningekuwa mkazi ningedai bamba lenye majina ya batalioni zile: ya 9, 10 na 11 za Wasudani, na ya 2 ya Wamisri.

Binti_Nile: Na liwekwe mlangoni, siyo nyuma kwenye majani.