Wafamasia mliokwenda nje: tupeane uzoefu wa kupata leseni

Mha wa Mwanga
Mwakeye wana Kigoma, na ndugu zetu wa Tabora pia. Juzi binti mmoja tuliyefanya naye utarajali kaniuliza njia ya Kanada, nikakumbuka mengi. Mliopita huko, semeni. Mimi mitihani ilinisumbua kidogo, nyaraka ndizo zilizonitesa.

Binti Ujiji
Umenitonesha kidonda, kaka. Kanada unajisajili kwanza kwenye tovuti ya Pharmacists' Gateway upewe namba, ndipo PEBC, bodi yao ya mitihani ya famasia, wapitie nyaraka, halafu mtihani wa tathmini, halafu ule wa kufuzu wenye sehemu mbili. Sasa mimi cheti cha kuzaliwa kina jina la babu, cha kidato cha nne kina la baba mdogo aliyenisomesha, cha chuo kina yote kwa mpangilio mwingine. Nikala kiapo kwa wakili. Na transkripti ya matokeo lazima itoke chuoni moja kwa moja, hata kama nakala unayo mkononi. Ofisi inasema imetumwa, huku haijafika. Mdogo wangu akapanda treni Kigoma mpaka Dar, akasimama dirishani hadi bahasha ikafungwa. Alinitumia picha: muhuri wa zambarau umekatiza pale inapofungiwa, wino bado mbichi.

Lakini kubaya kuliko yote ni wiki ya sehemu ya pili, ile ya kupita vyumba na kuhudumia waigizaji wa wagonjwa. Baba alifariki. Mazishi niliyatazama kwenye simu, mtandao unakatika, nasikia dua nusu nusu. Kesho yake nikaingia mtihanini. Chumba kimoja nimekuta mzee anaigiza mgonjwa, na dawa zake mezani. Nikamwita "baba", kwa Kiswahili. Akanitazama tu, akasubiri. Nikavuta pumzi, nikamuuliza mzio, nikamweleza dawa moja baada ya nyingine. Kengele ikalia. Nilifaulu. Kaburi lake bado sijaliona.

Kibirizi Mjini
Pole sana dada. Mungu amlaze pema.

Mfamasia Kamili
Pole, ila futa hiyo habari ya chumba. PEBC wanakataza kutoa yaliyomo kwenye mtihani.

Binti Ujiji
Dawa nimetaja? Ugonjwa nimetaja? Nimemtaja baba yangu.

Mha wa Mwanga
Mwacheni dada wa watu.

Isevya
Mnahangaikia Kanada ya nini? Marekani ni FPGEE, mtihani wa waliosomea famasia nje, na ule wa Kiingereza, basi. Shemeji yangu yuko Texas na leseni anayo.

Mfamasia Kamili
Shemeji yako alihitimu lini?

Isevya
1999.

Mfamasia Kamili
Ndiyo hapo. Aliyehitimu kuanzia 2003 wanamtaka awe na shahada ya famasia ya miaka mitano. Yetu ni minne, na utarajali tunaufanya baada ya kuhitimu. Usiwatume watoto wa watu wakachome ada bure. Na hata ukiipita FPGEE, NAPLEX, mtihani wa leseni yenyewe, bado inakungoja.

Isevya
Mimi nimesema nilichokiona.

Gungu Juu
Uingereza ni OSPAP, kozi ya wafamasia waliosomea nje, mwaka mzima chuoni, kisha mafunzo kazini wiki 52, kisha mtihani wa GPhC, baraza la famasia la huko. Andaeni hela ya chuo kwanza, viza baadaye.

Mama Asali, Tabora
Hiyo transkripti, mpelekeeni mtu wa masijala ndoo ya asali. Kesho imetoka.

Kibirizi Mjini
Mama, hiyo ni rushwa! Andika barua pepe kila Jumatatu, weka nakala kwa mkuu wa idara.

Mama Asali, Tabora
Barua pepe zenu ndizo zilizomchelewesha dada.

Ng'ambo Tabora
Jamani mimi nataka kuanza. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Hamisi, cha chuo Khamis. Itanizuia?

Binti Ujiji
Mdogo wangu, usiombe namba ya Gateway kwanza. Nenda kwa wakili ule kiapo, majina yote mawili yaandikwe kama yalivyo kwenye vyeti, na pasipoti ifuate jina utakalolitumia huko. Ukimaliza nitafute, nikuelekeze kwa kuanzia.