Vipeperushi vya afya: mgonjwa ashirikishwe kuviandika, au apewe tu asome?

Wadau, naleta hoja hii nikiwa mama wa mtoto mwenye kisukari aina ya kwanza.

Siku binti yangu alipoanzishiwa insulini tulipewa kipeperushi: "Hifadhi kwenye jokofu, nyuzi joto 2 hadi 8." Basi. Kwetu umeme haujafika, jokofu nilitoe wapi? Nilirudi nyumbani nikijua dawa itaharibika na mwanangu atanifia. Aliyenitoa hofu ni mama mwenzangu kwenye foleni ya kliniki: weka chungu kidogo ndani ya kikubwa, katikati jaza mchanga, uloweshe asubuhi na jioni, kichupa ukifunge kwenye mfuko usiopitisha maji, chungu kikae kivulini penye upepo. Nikamuuliza nesi, akasema ni sahihi, maji yakikauka yanaondoka na joto. Na kichupa kilichofunguliwa hukaa kama wiki 4 bila jokofu kisipopata joto kali. Sasa mbona haya hayakuandikwa? Naamini mezani hapakuwa na hata mtu mmoja asiye na jokofu.

Daktari mmoja alinipinga: mkikaribishwa mtaandika kwamba mlonge unaponya kisukari. Hofu yake naielewa, maana mtoto wa aina ya kwanza akiachishwa insulini hapati siku nyingi. Dozi na usahihi wa tiba vibaki kwa wataalamu, sina ugomvi hapo. Lakini kipi kinaeleweka, kipi kinawezekana jikoni kwangu, hayo nayajua mimi.

Wenzetu wa VVU walishalipigania hili. Denver, Marekani, 1983, watu wenye UKIMWI walidai nafasi katika kila ngazi ya maamuzi. Paris, 1994, nchi 42 zikaikubali kanuni hiyo. Hata neno "waathirika" walilikataa wenyewe, ndiyo maana leo tunasema watu wanaoishi na VVU.

Kinachoniuma zaidi ni nani anayeitwa na lini. Anaitwa msomi wa mjini, rasimu ikiwa imekwisha, aseme tu "ni nzuri". Bibi asiyejua kusoma, anayemchoma mjukuu sindano kila siku, nani amlipie nauli aje aseme mchoro ule haumwelekezi kitu?

Swali langu: wagonjwa wakisema maelekezo fulani hayatekelezeki majumbani kwao, kipeperushi kizuiwe kwenda kuchapwa mpaka kirekebishwe? Mimi nasema kizuiwe. Madaktari, manesi, wazazi wenzangu, nyie mnasemaje?