Naomba ushauri: kiunzi cha kauri kwa pengo la mfupa wa muundi

Ndugu wanachama, salaam kutoka Ujiji, Kigoma. Mdogo wangu alianguka na bodaboda miezi minane iliyopita, akavunjika muundi, na baada ya vipande vya mfupa vilivyokufa kuondolewa limebaki pengo la sentimita tatu, ambalo kwenye picha ya eksirei linaonekana kama muhogo uliokatwa katikati. Daktari anashauri lijazwe mfupa utakaochotwa kwenye nyonga yake mwenyewe.

Nimesoma kuhusu viunzi vya kauri vinavyochapwa kwa printa ya 3D: rojo ya haidroksiapataiti au trikalsiamu fosfeti (madini ya kalsiamu na fosfeti yanayofanana na ya mfupa) hupangwa tabaka juu ya tabaka, kisha huchomwa tanuruni kwa nyuzi zaidi ya 1,000 za Selsiasi, kikabaki kiunzi chenye vitundu vya mikromita mia kadhaa ambamo mishipa ya damu na seli za mfupa hupenya. Haidroksiapataiti hukaa mwilini muda mrefu sana, ilhali trikalsiamu fosfeti huyeyuka mapema zaidi na kuupisha mfupa mpya. Hofu yangu ni kiunzi kuvunjika, kwa kuwa muundi hubeba uzito wa mwili. Mama, ambaye amefinyanga vyungu maisha yake yote, aliliuliza hilo kabla sijamaliza kumweleza.

Naomba wenye ujuzi mnieleze: je, kiunzi hicho kikisaidiwa na bamba la chuma kitastahimili, au kinafaa zaidi kwa taya na fuvu? Na kwa kuwa kidonda cha mdogo wangu kiliwahi kutunga usaha, nimuulize daktari vipimo gani kabla hatujakubali lolote?